Adhabu ya Muuaji: Kisasi au Dawa?



Mmekwisha kujifunza amri ya tano ya Mungu, inayotukataza kuua. Mwayajua maana yake, na hakuna kati yenu asiyeikubali. Lakini baada ya somo hilo huulizwa swali jingine, nalo halijibiwi upesi: mtu aliyekwisha kuua, atendewe nini?

Wengine husema: "Auawe naye, mambo yaishe." Wengine husema: "Afungwe hata afe, tusimwone tena." Wengine tena husema: "Afundishwe, apate kugeuka mtu mwema." Msidhani ya kuwa swali hili ni la waamuzi wa mjini peke yao. Siku moja mlango wa gereza hufunguliwa, na mtu aliyemwaga damu hurudi kwa miguu katika kijiji chake. Siku hiyo kila mwenye nyumba kijijini huwa mwamuzi. Basi yafaa tulitazame jambo hili mapema, kabla hasira haijatushika.

I. Habari za Alessandro Serenelli

Katika nchi ya Italia, mahali paitwapo Le Ferriere karibu na mji wa Nettuno, palikuwa na jamaa mbili maskini zilizokaa katika nyumba moja na kulima shamba la tajiri mmoja. Jamaa ya kwanza ilikuwa ya Luigi Goretti na mkewe Assunta. Ya pili ilikuwa ya mzee Giovanni Serenelli na mwanawe Alessandro. Nchi ile ilikuwa ya vinamasi na mbu wengi. Mwaka 1900 Luigi alikufa kwa malaria, akamwacha mjane na watoto wadogo. Tangu hapo Mama Assunta alikwenda shambani badala ya mumewe, na binti yake Maria akatunza nyumba na wadogo zake.

Tarehe 5 Julai 1902 Maria alikuwa ameketi juu ya ngazi akishona shati, na mtoto mchanga amelala karibu naye. Alikuwa na umri wa miaka 11. Alessandro, kijana wa miaka 20, akamvuta ndani akitaka kumtenda uovu. Maria akakataa, akamwambia kwamba jambo hilo ni dhambi. Ndipo yule kijana akashika chuma chenye ncha kali, akamchoma mara 14. Kesho yake, tarehe 6 Julai, Maria akafa katika hospitali ya Nettuno. Kabla ya kufa alisema kwamba anamsamehe Alessandro, na kwamba ataka awe pamoja naye mbinguni.

Alessandro akakamatwa, akahukumiwa mjini Rome. Hakuuawa. Sheria ya Italia iliyotolewa mwaka 1889 ilikuwa imekwisha kufuta adhabu ya kifo, na kwa kuwa kijana huyo hakuwa ametimiza miaka 21, hakupewa kifungo cha maisha. Alipewa miaka 30. Akapelekwa katika gereza la Noto, katika kisiwa cha Sicilia.

Angalieni sasa. Je, mlango wa gereza ulipofungwa, moyo wake uligeuka mara moja? Hata kidogo. Miaka ya kwanza alikuwa mkali, hana majuto, wala hakutaka kusikia neno juu ya Mungu. Kifungo kilimzuia mikono, lakini hakikumfikia moyoni. Baadaye Askofu wa Noto, Giovanni Blandini, akaenda kumwona. Alessandro mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja aliota ndoto: alimwona Maria katika bustani, akimpa maua meupe moja baada ya moja. Katika miaka hiyo akavunjika moyo wake mgumu, akakiri kosa lake pasipo kulipunguza, akamwandikia askofu barua ya majuto.

Alikaa kifungoni miaka 27. Mwaka 1929 akafunguliwa, akiwa amesamehewa miaka mitatu kwa ajili ya mwenendo wake mwema. Mwaka 1934, wakati wa Noeli, akaenda Corinaldo alikokuwa akitumika Mama Assunta katika nyumba ya padri. Akabisha hodi. Akamwomba msamaha yule mama, ambaye kwa miaka 32 alikuwa akilichukua kaburi la binti yake moyoni. Mama Assunta akamjibu kwamba, ikiwa Maria alimsamehe, yeye hawezi kumnyima msamaha. Nao wawili wakapokea Komunyo Takatifu pamoja katika kanisa lile, watu wote wakiwaona.

Tarehe 24 Juni 1950 Papa Pio XII alimtangaza Maria Goretti kuwa Mtakatifu. Alessandro aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba za mapadri Wakapuchini, akifanya kazi ya bustani. Alikufa Macerata tarehe 6 Mei 1970, mzee wa miaka 87. Tangu siku ile ya mwaka 1902 hakumwaga damu ya mtu tena.

II. Adhabu ni ya nini?

Kanisa lafundisha kwamba adhabu ya haki ina kazi zake, nazo hazipaswi kutenganishwa.

Kwanza: adhabu hutengeneza haki iliyovunjwa. Anayeua hakuwaumiza jamaa ya marehemu peke yao, ameumiza kijiji kizima. Akiachwa aende zake, ni kama kusema kwamba maisha ya marehemu hayakuwa na thamani. Ndiyo maana Mama Assunta aliweza kumsamehe Alessandro, wala msamaha wake haukuifanya hukumu ya miaka 30 kuwa kosa. Msamaha ni wa moyo. Hukumu ni ya mwamuzi. Yote mawili yaweza kusimama pamoja.

Pili: adhabu huwalinda watu. Mtu mkali azuiwe asije akaumiza wengine. Hii ni haki ya wanyonge, hasa ya wanawake na watoto. Mwenye kumhurumia chui kuliko mbuzi hana huruma ya kweli.

Tatu: adhabu ni dawa kwa mkosaji mwenyewe. Yamfaa kutambua alilotenda, kujuta, na kugeuka. Naye akiipokea adhabu kwa hiari, mateso yake yanakuwa malipizi mbele ya Mungu, kama tujifunzavyo juu ya Sakramenti ya Kitubio. Je, Padri akitupa malipizi, hutupa kwa kutuchukia? Sivyo, hutupa ili tupone.

Sasa mwaona kosa la pande mbili. Anayetaka adhabu isiyo na dawa anataka kisasi. Anayetaka dawa isiyo na adhabu anawasahau waliolizwa. Mganga mwema hukata jipu, kisha hulifunga kidonda. Akikata tu na kwenda zake, mgonjwa hufa. Akifunga tu pasipo kukata, usaha hubaki ndani.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, twasoma habari za Kaini, muuaji wa kwanza. Mungu hakumwambia kwamba si kitu. Alimwadhibu, akamwondoa katika shamba lake, naye Kaini akawa mtu wa kutangatanga. Lakini Mungu huyo huyo akamtia alama, ili mtu yeyote amwonaye asimwue. Adhabu na ulinzi vilitoka katika mkono mmoja. Katika sura hiyo hiyo yupo Lameki, aliyejisifu kwa kisasi kisicho na kipimo. Hata sheria ya Musa ya jicho kwa jicho iliwekwa ili kukipunguza kisasi cha namna hiyo: usidai zaidi ya ulichonyang'anywa. Kisha Bwana wetu Yezu Kristu akatupeleka mbele zaidi, akatufundisha kuwapenda adui zetu.

III. Gereza laweza kuponya, laweza kuharibu pia

Zamani katika nchi nyingi za Ulaya waliohukumiwa waliteswa na kuuawa uwanjani mbele ya watu. Mwaka 1764 Mwitalia mmoja, Cesare Beccaria wa Milano, alitoa kitabu kuonyesha kwamba ukatili wa namna hiyo hauwafanyi watu kuwa wema. Alisema kwamba mtu huzuiwa na uhakika wa kuadhibiwa zaidi kuliko na ukali wa adhabu. Mwaka 1786 mtawala wa Toscana, Pietro Leopoldo, akaifuta adhabu ya kifo katika nchi yake. Italia nzima ikafuata mwaka 1889. Serikali ya Mussolini iliirudisha, lakini Katiba ya mwaka 1948 ikaifuta tena katika sheria za wakati wa amani. Katiba hiyo, katika kifungu cha 27, yaagiza kwamba adhabu zisiwe kinyume cha ubinadamu, na kwamba zielekee kumlea upya aliyehukumiwa.

Lakini kuandika sheria ni jambo moja, na kuitimiza ni jingine. Mtu hatibiwi na kuta. Yafaa mfungwa awe na kazi ya kufanya, ili mikono yake izoee kujenga. Yafaa afundishwe kusoma na ufundi, ili akitoka apate riziki yake pasipo panga. Yafaa apate mtu wa kusema naye kweli, kama alivyofanya Askofu Blandini. Maana mfungwa akiachwa na wafungwa wenzake peke yao, atajifunza kwao tu.

Katika nchi ya Norway, gereza la Halden lilifunguliwa mwaka 2010, nalo limejengwa ili mfungwa afanye kazi, apike, ajifunze, na kuzoea maisha ya mtu huru. Walinzi hula na kuzungumza na wafungwa. Wengi hushangaa, wakisema kwamba hiyo si adhabu. Wanorway hujibu kwamba adhabu ni kunyang'anywa uhuru, na kwamba mtu huyu kesho atakuwa jirani ya mtu fulani. Heri awe jirani aliyepona. Norway ni nchi ndogo yenye mali, wala hatuwezi kuinakili kama tunakilivyo barua. Lakini hoja yao haihitaji mali ili ieleweke.

Tutazame na kwetu. Gereza la Makala mjini Kinshasa lilijengwa kwa watu 1500. Mwaka 2024 walikuwamo zaidi ya 10000, na wengi wao hawajahukumiwa bado. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba mwaka huo watu walijaribu kutoroka. Serikali ilitangaza kwamba walikufa 129, wengine kwa risasi, wengine kwa kusongamana, na wanawake kadhaa walitendewa jeuri. Mahali pa namna hiyo aliyeiba kuku hulala ubavuni pa aliyeua. Je, nani atamfundisha mwenzake? Mtu aliyeingia mwizi aweza kutoka mwuaji. Tena katika magereza mengi ya Kongo mfungwa asiyeletewa chakula na jamaa zake hushinda njaa. Njaa haikuandikwa katika hukumu ya mwamuzi yeyote.

IV. Majibu kwa wanaopinga

Mtu atasema: "Samaki mkunje angali mbichi. Muuaji ni samaki mkavu, hakunjiki." Methali hii ni ya kweli kwa malezi ya watoto, nasi twapaswa kuishika. Lakini mtu si samaki. Alessandro alikuwa mtu mzima alipoua, na miaka ikapita kabla hajajuta. Kama angaliuawa mwaka 1902, angalikufa katika ukaidi wake. Yule mnyang'anyi msalabani, katika Injili ya Luka, sura ya 23, aligeuka katika saa ya mwisho, akapokelewa.

Mwingine atasema: "Si wote wanaogeuka." Naam, ni kweli, wala Kanisa halitudanganyi. Wako wanaojifanya watakatifu ili wafunguliwe. Kwa hiyo huruma yahitaji macho. Mwaka 2011, tarehe 22 Julai, mtu mmoja katika Norway aliwaua watu 77, wengi wao vijana. Alihukumiwa miaka 21, kifungo ambacho waamuzi waweza kukiongeza muda wote anapokuwa hatari kwa watu. Aliomba kufunguliwa, naye mwaka 2022 akakataliwa. Mwaona: nchi ile ile inayowalea wafungwa wake yajua pia kufunga mlango. Kumwachia nafasi ya kutubu si kumwachia nafasi ya kuua.

Mwingine tena atasema: "Kumwua muuaji ni njia ya hakika, hatarudia." Ni kweli kwamba maiti haiui. Lakini mwamuzi ni mtu, aweza kukosea, na aliyenyongwa bure hafufuliwi na barua ya masikitiko. Zamani Kanisa halikukataa kabisa adhabu hiyo, hasa pale ambapo hapakuwa na njia nyingine ya kuwalinda watu. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliagiza Katekisimu iandikwe upya mahali hapo: Kanisa lafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, maana heshima ya mtu haipotei hata akitenda kosa kubwa sana, na kwa kuwa siku hizi ziko njia za kuwafunga watu wa hatari pasipo kuwaua. Katika Kongo hakuna aliyenyongwa wala kupigwa risasi kwa hukumu tangu mwaka 2003. Lakini mwezi wa Machi 2024 serikali ilitangaza kuondoa zuio hilo. Basi swali hili si la Italia, ni letu.

Wala mfano wa msamaha hatuukosi kwetu. Mwenyeheri Marie-Clémentine Anuarite aliuawa na kiongozi wa waasi mjini Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake. Naye alimsamehe aliyempiga. Tarehe 15 Agosti 1985, katika Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenyeheri, alitamka mbele ya umati kwamba yeye naye amsamehe muuaji kwa jina la Kanisa zima. Papa huyo alijua asemalo: mwaka 1981 alipigwa risasi Rome, na mwaka 1983 alikwenda gerezani kuketi na yule aliyempiga.

V. Siku ya kurudi

Sasa turudi kijijini. Fulani alimwua mwenziwe katika ugomvi wa shamba. Amefungwa miaka 15, leo ametoka. Ninyi mtafanya nini?

1. Msimwite kwa jina la kosa lake. Kama kila asubuhi anasalimiwa "Ewe muuaji", atasadiki kwamba hawezi kuwa kitu kingine.

2. Msiwasahau waliofiwa. Mara nyingi watu humkimbilia aliyetoka gerezani, wamwone amekonda, wamhurumie; na mjane wa marehemu amekaa peke yake nyuma ya nyumba. Mwendeeni yeye kwanza. Ulizeni nani amlimia, nani alipa ada ya shule ya watoto wake. Aliyeua, akitaka kuonyesha majuto yake, atengeneze awezavyo: kwa kazi, kwa mali, kwa kukiri kweli mbele ya wazee.

3. Msimlazimishe mtu kusamehe hadharani. Msamaha uliovutwa kwa kamba si msamaha. Mama Assunta hakuamriwa na baraza. Mwombeeni mjane, mwe na subira naye, wala msimwambie kwamba amechelewa.

4. Mpeni kazi, tena mumwangalie. Mtu asiye na shamba wala ufundi hurudi katika njia ya zamani. Na kama alipenda pombe na panga, wazee wasimwache akae peke yake na pombe na panga.

5. Msiache kwenda gerezani. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana wetu ajihesabu kuwa mmoja wa wafungwa, naye hakuuliza kwanza kama mfungwa amestahili. Mkipeleka unga na chumvi, pelekeni pia habari za nyumbani. Mfungwa anayejua kwamba yuko mtu anayemngoja ana sababu ya kubadilika.

Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo mwajua kwamba Mungu aweza kumfanya mtu kuwa mpya. Kama twasadiki hivyo juu yetu wenyewe, twawezaje kukataa kwamba ni hivyo pia juu ya yule aliye nyuma ya ukuta?

Maswali ya kujiuliza

1. Adhabu ya haki ina kazi gani tatu? Ikikosekana moja, yatokea hasara gani?
2. Kwa nini msamaha wa Mama Assunta haukuifanya hukumu ya Alessandro kuwa kosa?
3. Kaini alipata adhabu gani, na ulinzi gani?
4. Nini kilimgeuza Alessandro: kuta za gereza, au jambo jingine? Elezeni.
5. Katika kijiji chenu yuko mtu aliyetoka gerezani? Na jamaa ya aliyeumizwa naye ni nani? Mwaweza kuwatendea nini wote wawili juma hili?

Azimio: Juma hili nitamtembelea mmoja aliyefiwa kwa jeuri, au nitapeleka chakula kwa mfungwa mmoja asiye na jamaa karibu.